Jedwali la mawimbi: sinte ipi kwa mpiga kinanda wa Kipushi?

Rafiki yangu wa Kipushi, mpiga kinanda wa kwaya, alikuwa ameweka akiba ya kununua sinte. Akaniuliza mimi, mwanafunzi wa lugha: kwa nini zinatofautiana bei kiasi kile? Nilimjibu kwa fonetiki, maana ndiyo niijuayo.

Imba a, kisha i, bila kupandisha wala kushusha sauti. Kimo ni kilekile, ila umbo la wimbi limebadilika. Sinte ya jedwali la mawimbi hufanya kazi papo hapo. Ndani yake maumbo ya wimbi, kila moja la mzunguko mmoja tu, yamepangwa safu. Ukibonyeza la, ile ambayo wapigaji hupatanishia ala, umbo moja husomwa mara 440 kwa sekunde. Nafasi ya kusoma ikisogea kwenye safu, sauti hugeuka kama kinywa kinachotoka a kwenda i. Kinanda cha kawaida cha kanisani hutegemea zaidi rekodi za piano au tarumbeta zilizokwisha kutiwa ndani.

Njia hii ilianzia Hamburg kwa Wolfgang Palm. PPG Wave 2.2 yake, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa ya studio zenye fedha. Waldorf Microwave ya 1989 ikaacha vibonyezo, likabaki sanduku, bei ikashuka. Serum ya 2014 ni programu ya kompyuta. Iliuzwa dola 189, na mvuto wake, naona mimi, ni kwamba jedwali unaliona kwenye skrini likigeuka huku unalisikia. Mwaka 2020 ikaja Vital ya Matt Tytel, yenye toleo la bure. (Wanaisimu, sikilizeni: unaiandikia maneno, nayo huyageuza kuwa jedwali la mawimbi!)

Kwa sikio langu Serum na Vital zinakaribiana mno. Anayelipa analipia pia wingi wa sauti zilizotengenezwa na wengine, pamoja na masomo ya kuzitumia. Lakini ya bure nayo inadai: kompyuta yenye nguvu, la sivyo sauti inakatika-katika, na umeme. Sinte yenye vibonyezo vyake unaiwasha, unapiga.

Nilimshauri Vital kwa kutunga nyumbani, na kinanda kile kile cha zamani kwa Jumapili. Amekubali nusu. Akiba imeishia kwenye betri mpya ya kompyuta, na kwaya bado inamdai tarumbeta.