Uchovu wa Mpasuaji Hautibiwi kwa Likizo

Daktari wa upasuaji akionekana kuelemewa, wengi humshauri achukue likizo. Nia ni njema, lakini ushauri huo unadhani tatizo limo mwilini mwake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu sugu wa kazi kuwa si ugonjwa, bali hali inayoletwa na mfadhaiko wa kazini usioshughulikiwa. Nguvu humwishia mtu, moyo wake hujitenga na kazi, na ufanisi hushuka. Kwa mpasuaji, huko kujitenga ndiko kunakotisha zaidi, maana mgonjwa huacha kuwa mama wa fulani, akawa ngiri ya kitanda cha saba. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wapasuaji wapatao 7,900, asilimia 40 walikuwa na dalili hizo, na karibu asilimia 9 walikiri kufanya kosa kubwa la kitabibu ndani ya miezi mitatu iliyotangulia. Waliochoka zaidi ndio waliokiri zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba kosa ndilo lililowachosha, wala si uchovu uliowakosesha. Inawezekana yote mawili ni kweli, kila moja likilichochea jingine, na hiyo ni sababu ya kuwahi mapema.

Kwa miaka mingi lawama ziliangukia saa za kazi. Kifo cha Libby Zion, msichana wa miaka 18 aliyefariki katika hospitali ya New York mwaka 1984 akihudumiwa na madaktari wanafunzi waliokuwa kwenye zamu ndefu, kilizua mjadala mkali, na mwaka 2003 Marekani nzima ikawawekea madaktari walio mafunzoni kikomo cha saa 80 kwa wiki. Kikomo hicho kilistahili kuwekwa. Hata hivyo, mwaka 2019 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa madaktari 7,409 wanaosomea upasuaji nchini humo, na asilimia 38.5 walikuwa na dalili za uchovu kila wiki. Takriban watatu katika kila kumi walikuwa wametukanwa au kudhuriwa mwilini kazini. Wanawake walionekana kuchoka kuliko wanaume, lakini watafiti walipozingatia manyanyaso, tofauti hiyo ikatoweka. Kilichowachosha wanawake zaidi, basi, ni jinsi walivyotendewa, na hilo likizo hailigusi.

Wapo wanaosema ukali ndio uliowatoa mabingwa wa zamani. Hoja hiyo inawahesabu waliobaki tu. Walioacha fani, au walioharibikiwa nayo, hawapo kutoa ushahidi. Hoja nzito zaidi ni ya kwetu Afrika Mashariki: wapasuaji ni wachache, nani atawapunguzia kazi? Tume ya jarida la Lancet ilipendekeza mwaka 2015 kila nchi ifikishe wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030, na nchi zetu ziko mbali mno na kiwango hicho. Ndiyo maana kumpoteza mmoja hapa kunauma kuliko kwingine. Tena njia ya kugawana mzigo tunaijua: Tanzania imewatumia madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi kwa miongo mingi. Makaratasi nayo hayahitaji mkono wa mpasuaji.

Linabaki jambo la siri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kuwa asilimia 6.3 ya wapasuaji walikuwa wamewaza kujiua ndani ya mwaka mmoja, na ni kama robo yao tu waliotafuta msaada. Wengi walihofia leseni zao. Bodi za leseni zinaweza kuiondoa hofu hiyo bila gharama kubwa: fomu imuulize daktari kama leo ana hali inayomzuia kuhudumia wagonjwa kwa usalama, isimuulize kama aliwahi kutibiwa sonona.