Nani Atajenga Lango la Jaa?



Katika makanisa yetu kuna kazi ambazo watu wanazigombania, na kuna kazi ambazo wanazikimbia. Kuongoza ibada siku ya Mungu, kushika mikro, kuketi mbele: hapo hatukosi watu. Lakini kulala hospitalini na mgonjwa asiye na jamaa, kutembelea wafungwa, kusafisha vyoo baada ya seminari, kupatanisha jamaa mbili zinazogombania shamba: hapo wengi tunatazama chini. Mwishoni kazi inamwangukia mjane yule yule, au kijana asiyeweza kukataa.

Nehemia sura ya 3 inatufundisha juu ya jambo hili. Wengi tunairuka kwa sababu imejaa majina. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka, na kila kundi likapokea sehemu yake. Wafua dhahabu na watengeneza manukato walifanya kazi ya ujenzi. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Na Lango la Jaa, yaani lango la upande wa takataka za mji, nani alilijenga? Ni Malkiya, mkuu wa mtaa mzima. Mtu mwenye cheo aliandikwa mahali penye harufu mbaya.

Sura hiyo hiyo inataja pia watu wa Tekoa. Wakuu wao walikataa kuinama na kufanya kazi. Lakini watu wa kawaida walimaliza sehemu yao, kisha wakachukua sehemu ya pili. Ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Hapa kwetu Kivu tumeona mfano wa namna hiyo. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, alikuwa akitumika Lemera. Mwaka 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Hakuiacha kazi. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilianzishwa Bukavu, chini ya kanisa la CEPAC. Alikuwa na nia ya kusaidia akina mama wanaojifungua, lakini waliletwa wanawake waliobakwa na kuumizwa vibaya. Aliipokea kazi hiyo. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2018, baada ya miaka 19 ya kazi.

Basi, kujitoa kwa hiari ni nini? Si kusema ndiyo kwa kila jambo. Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Kwa hiyo anayeomba msaada kanisani aseme ukweli: kazi itachukua siku ngapi, ina hatari gani, nani atalipa usafiri. Mtu akijua uzito wa mzigo ndipo anaweza kuubeba kwa moyo. Tena, mzigo mmoja usikae juu ya mtu mmoja miaka yote. Tukimwachia mjane kila kitu kisha tukamsifu kwa uvumilivu wake, huo si upendo.

Na viongozi watangulie. Bwana wetu mwenyewe alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Siku ya Mungu ijayo, kazi ngumu ikitangazwa, mzee wa kanisa asigeuke kuangalia vijana. Jina lake liandikwe la kwanza.

Mungu awabariki.