Namba Mbili, Mtambo Mmoja

Anayefanyia biashara nyumbani hudhani kwamba akinunua simu ya pili amekwisha kutenganisha kazi na familia. Bado. Simu mbili zikiwa juu ya meza moja, ile ya kazi italia saa nne usiku vilevile, na mtoto ataipokea vilevile. Kinachotenganisha ni kanuni inayoamua simu iliyoingia ipelekwe wapi na saa ngapi, na katika simu za intaneti kanuni hiyo hukaa kwenye mtambo wa kugawa simu. Kifaa hutii tu.

Tuchukue Asterisk, programu huria ambayo Mark Spencer aliianza mwaka 1999 kwa sababu kampuni yake changa huko Alabama, Marekani, haikumudu bei ya mtambo wa simu wa ofisini. Huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, hata ndogo kama Raspberry Pi. Namba zako mbili hufika kupitia intaneti moja, lakini kila simu huja na namba aliyoibonyeza mpigaji, na mtambo huisoma kabla ya kuliza kifaa chochote. Ya nyumbani utaielekeza sebuleni. Ya biashara italia mezani pa kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha mteja ataacha ujumbe wa sauti, nawe utaukuta kwenye barua pepe. Kanuni hizi hupangwa katika mafungu, na kifaa cha fungu moja hakiwezi kutumia njia za fungu jingine mpaka uandike ruhusa.

Wengi huishia hapo, wakasahau simu zinazotoka, na huko ndiko utengano unakovunjika. Ukimpigia mteja kwa namba ya nyumbani, ataihifadhi, na Jumapili atamwamsha mama mkwe. Kwa hiyo kila kifaa kipewe namba yake ya kutokea. Kinachotumika kwa kazi zote mbili kitengewe tarakimu ya kutangulia: 8 kwa nyumbani, tuseme, na 9 kwa biashara.

Mtu atauliza: simu ya mkononi ya laini mbili haitoshi? Kwa anayefanya kazi peke yake, inatosha kabisa, na asidanganywe kununua zaidi. Tatizo huanza anapopata msaidizi, kwa kuwa laini hukaa mfukoni mwa mtu mmoja, wakati mtambo unaweza kuliza simu tatu kwa pamoja. Hoja ya umeme ni nzito zaidi. Ukikatika, mtambo na ruta huzimika, na mtambo uliozimika hauwezi kuhamisha simu. Kanuni ya kuzipeleka kwenye simu ya mkononi lazima iwekwe kwa mtoa huduma wa namba zako. Kasi ya intaneti hailemewi kama watu wanavyohofia: kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, mazungumzo ya simu moja hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Kinachokatakata sauti mara nyingi ni mtu wa nyumbani anayepandisha video wakati huohuo, na dawa yake ni kuipa sauti kipaumbele kwenye ruta.

Hoja ninayoiona kubwa kuliko zote ni wizi. Wahalifu hupekua intaneti wakitafuta mlango wa mtandao 5060, unaotumiwa na simu za intaneti, ulioachwa wazi, hubahatisha nenosiri, kisha hupiga usiku kucha namba za nje zenye gharama kubwa kwa akaunti yako. Mtambo ukiwa mmoja, hasara ni ya nyumba na duka. Nenosiri liwe refu, fungu la nyumbani linyimwe simu za nje ya nchi, na salio liwe la kulipia kabla.

Basi kabla hujanunua kifaa chochote, muulize mtoa huduma mambo mawili: je, ataruhusu namba zote mbili zionekane kwa unaowapigia, na je, atazihamisha simu zako mtambo unapozimika? Akisita kwa lolote kati ya hayo, tafuta mwingine.