Fahamu: Kwa nini tovuti hugoma baada ya programu kusasishwa

Tovuti ya shule au nyumba ya wageni pale Makole, Dodoma, ikiendeshwa kwa WordPress, huwa na programu kuu, mandhari yanayoipa sura, na programu-jalizi zinazoongeza kazi kama fomu za maombi. Mara nyingi sehemu hizo huandikwa na watu tofauti. Programu kuu ikisasishwa huku jalizi ikibaki ya zamani, mgongano huweza kutokea. Agosti 2020, toleo la 5.5 la WordPress liliacha kupakia jQuery Migrate, msimbo uliokuwa ukizibeba jalizi zilizopitwa na wakati. Menyu na slaidi za tovuti nyingi zikaacha kufanya kazi.

Tovuti ikigoma, kwanza hufutwa kache, maana huenda kinachoonekana ni ukurasa wa zamani uliohifadhiwa. Ukurasa ukiwa mweupe mtupu, chanzo kwa kawaida ni hitilafu katika msimbo wa PHP. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo maalumu cha kuingilia. Inasikitisha pale anwani iliyosajiliwa inapokuwa ya fundi aliyekwisha kuondoka. Hapo folda ya plugins hubadilishwa jina kwenye seva ili jalizi zote zizimike. Jina likirudishwa, huwashwa moja moja mpaka yenye kasoro ijulikane. Ujumbe wa matengenezo ukiganda, hufutwa faili la .maintenance.

Kubaki na toleo la zamani si suluhisho, kwani mianya yake ya usalama hubaki wazi. Nakala rudufu ya faili na kanzidata ichukuliwe kabla ya kusasisha.