Nani amlipe padre wa shule?

Katika mji wa Toowoomba, jimbo la Queensland nchini Australia, baba mmoja aitwaye Ron Williams aliishtaki serikali kuu kwa sababu ya kasisi aliyehudumu katika shule ya msingi ya umma waliyosoma watoto wake. Mpango wa kuzisaidia shule kuwalipa makasisi ulitangazwa mwaka 2006 na Waziri Mkuu John Howard: shule iliyotaka kasisi ilipewa hadi dola 20,000 za Australia kwa mwaka, kwa sharti kwamba kasisi huyo asitumie nafasi yake kuwavuta watoto waingie katika dini yake. Kesi ilifika Mahakama Kuu, ambayo kwao ndiyo ya juu kabisa. Williams alishinda mwaka 2012, akashinda tena mwaka 2014.

Tangu nizisome hukumu hizo, kuna jambo limenikaa rohoni. Hoja ya dini haikumpa ushindi. Katiba ya Australia inakataza mtu kuwekewa sharti la dini ili ashike wadhifa wa serikali kuu, lakini majaji walisema kasisi wa Toowoomba hakushika wadhifa wowote wa serikali. Aliajiriwa na shirika la Scripture Union Queensland. Serikali ililipa shirika, shirika likamlipa yeye. Kilichoiangusha serikali ni kutumia fedha kwa mkataba tu, bila sheria ya Bunge. Sheria ikapitishwa upesi, na Williams akarudi mahakamani.

Safari ya pili serikali ilijitetea kwamba Katiba inairuhusu kutoa manufaa kwa wanafunzi. Majaji wote wakakataa. Manufaa yanayotajwa na Katiba, walisema, ni msaada unaomfikia mwanafunzi mwenyewe na kumtimizia mahitaji yanayotokana na kusoma kwake. Mshahara wa mtu anayekaa shuleni akimngoja atakayetaka kuzungumza naye haumo.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikampelekea maelezo ya hukumu hiyo padre wa shule moja ya upili ya bweni ya wavulana hapa Kenya, ambaye ameniomba nisimtaje yeye wala shule yake. Alisoma, akaanza kunieleza habari za sabuni.

Ofisini kwake, chumba kidogo kilichobanwa kati ya stoo na maktaba, Padre ana katoni ya sabuni za mche. Kila mche anaukata vipande kwa kisu, anavipanga juu ya gazeti vikauke. Mvulana aliyeishiwa anajua pa kwenda. Lakini Padre anasema wengi wanaobisha mlango hawakuishiwa sabuni. Kijana anaingia, anasalimu, anapokea kipande chake, anashukuru, anageuka kuondoka. Akishafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, ndipo neno linapotoka: baba ameondoka nyumbani, au yeye mwenyewe hapati usingizi usiku, au kuna wakubwa bwenini wanaomtesa. Padre amejifunza kutosema lolote wakati huo. Anavuta tu kiti cha pili. Ndiyo maana, anasema, sabuni haigawi asubuhi kwenye foleni hata kama ingekuwa rahisi zaidi. Anaigawa jioni, mmoja mmoja, kabla ya masomo ya usiku.

Basi kwa hesabu ya majaji wale, anasema Padre, kipande cha sabuni kingeweza kuitwa manufaa, na saa nzima inayofuata isiitwe hivyo. Hawalaumu, walikuwa wakifasiri Katiba yao. Anachotaka kujua ni kama sisi tunaihesabu saa hiyo.

Tukitazama mfuko, hatuihesabu. Padre hayumo katika orodha ya TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Bodi ya shule inamlipa kutokana na karo, na karo ikichelewa naye anachelewa. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo, ila ana vipindi vya kufundisha kama wenzake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inalikabidhi kanisa au jumuiya iliyofadhili shule jukumu la kukuza maisha ya kiroho huku ikilinda imani za wengine. Mshahara wa kuifanya kazi hiyo haukuwekwa. Na bado kila bweni linapoungua tunasikia wito kwamba shule ziwe na makasisi.

Katiba yetu, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa. Wengine huona hilo linafunga mjadala. Mimi sioni hivyo, kwa sababu serikali hiyohiyo inawalipa makasisi na maimamu jeshini, na ina makasisi magerezani. Kijana wa miaka 15 aliye mbali na mama yake hana uhitaji mdogo kuliko wa askari.

Lakini kuna maswali Padre mwenyewe hayamalizi. Mvulana Mwislamu akija, humsikiliza kisha humwita ustadhi wa msikiti wa jirani. Asiye na dini je, au aliyeiacha dini ya kanisa lililojenga shule? Huyo ataugonga mlango wenye msalaba? Na serikali ikianza kulipa, siri ya kijana itabaki ya nani, hasa kama anamlalamikia mwalimu?

Australia haikuuacha mpango wake. Baada ya hukumu ya 2014 fedha zilipitishwa kwa serikali za majimbo, na mwaka 2023 shule ziliruhusiwa kuchagua kati ya kasisi na afisa wa ustawi mwenye ujuzi wa kitaaluma. Nadhani nasi tungeanzia hapo: msikilizaji aliyefunzwa, awe padre, ustadhi au mshauri, alipwe na hazina kwa sheria iliyopita bungeni, si kwa karo.

Wewe mzazi, mkutano ujao wa shule ukifika, usiulize alama za mtihani pekee. Uliza mwanao akilemewa usiku anaenda kwa nani, na mtu huyo analipwa na nani.