Mtaa Uonwao Kutoka Juu: Usomaji wa Picha za Nyeusi na Nyeupe za Kilwa na Pwani ya Lindi

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa historia na utamaduni wa Waswahili wamezoea kuzitumia picha kama mapambo ya maandishi. Picha huwekwa pembeni mwa ukurasa ili kuthibitisha jambo ambalo mwandishi amekwisha kulisema. Ni mara chache picha yenyewe huulizwa maswali: ilipigwa kutoka wapi, saa ngapi, kwa ajili ya nani, na ni nini ambacho haikuweza kukionyesha. Makala haya yanachunguza aina moja tu ya ushahidi huo, yaani picha za nyeusi na nyeupe zinazoonyesha mitaa na makazi kutoka mahali pa juu. Mifano yetu mikuu inatoka Kilwa na pwani ya Lindi.

Hoja yetu ni kwamba picha ya juu hubainisha mpangilio wa mji kuliko picha nyingine yoyote, ilhali mji wa Kiswahili ulipangwa kwa ajili ya jicho la mtu anayetembea ardhini. Kwa mintarafu hiyo, msomaji anayeitegemea picha ya juu peke yake huona kuta na akakosa kuona kazi ya kuta hizo.

2.0 Asili ya mtazamo wa juu

Kupiga picha mtaa kutoka juu ni jambo la zamani karibu sawa na kamera yenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake dirishani na kupiga picha ya barabara moja ya Paris. Kwa kuwa picha ilichukua dakika kadhaa kupigwa, watu na magari yaliyokuwa yakipita hayakuonekana. Alionekana mtu mmoja tu aliyesimama akisafishiwa viatu. Mwaka 1858 Nadar alipiga picha kutoka katika puto juu ya viunga vya Paris, na mwaka 1860 James Wallace Black akafanya hivyo juu ya Boston. Katika miaka ya 1920 Alexander Rodchenko huko Moscow na László Moholy-Nagy huko Berlin waliufanya mtazamo huo kuwa mtindo wa sanaa. Walipanda kwenye roshani na minara, wakawapiga picha wapita njia kwa namna ambayo nyuso zilipotea na vivuli vikawa ndivyo vinavyobeba umbo la binadamu.

Sanaa hiyo ilihitaji majengo marefu. Miji ya kusini mwa pwani yetu haikuwa nayo. Nyumba za mawe za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilikuwa fupi, na misikiti mingi ya kale ya pwani haina minara mirefu. Wachache tu waliweza kuutazama mtaa wa jirani kutoka juu. Hivyo mtazamo wa juu wa Kilwa ulikuja kutoka nje, na ulikuja kabla ya kamera. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha huko Köln buku la kwanza la kitabu chao cha picha za miji ya dunia. Ndani yake mna mchoro wa Kilwa, wakiuita mji huo Quiloa kama walivyouita Wareno, ukiwa pamoja na Aden, Mombasa na Sofala. Mtazamaji amewekwa juu ya maji, kana kwamba mji mzima umetandazwa mbele yake. Miaka 67 ilikuwa imepita tangu Francisco de Almeida auvamie mji huo mnamo 1505. Aliyetazama kutoka juu hakuhitaji kukanyaga mtaa wala kusalimiana na mtu.

Picha za ndege zilifuata mkondo huohuo. Mwaka 1915 ndege za jeshi la majini la Uingereza, zikiwa na kituo Mafia, ziliruka juu ya delta ya Rufiji, kaskazini tu ya Kilwa, kuitafuta na kuipiga picha manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo mwisho wake ulikuwa tarehe 11 Julai mwaka huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliunda mwaka 1946 idara maalumu ya upimaji wa makoloni, na ndege za jeshi lake la anga zilipiga picha maeneo makubwa ya Afrika Mashariki kwa ajili ya ramani. Huo ndio wakati wa mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Makusudi ya kwanza yalikuwa kumwona adui. Ya pili, kuipima ardhi. Wakazi wa mitaa hawakuwa shabaha ya picha hizo. Walinaswa humo kwa bahati tu.

3.0 Lugha ya mwanga na kivuli

Picha ya nyeusi na nyeupe huifasiri rangi kuwa viwango vya kijivu, na tafsiri hiyo ina kanuni zake. Dawa ya picha iliyozoeleka mwanzoni mwa karne ya 20 haikuihisi rangi nyekundu. Kanga nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe nyeupe. Hata baada ya kupatikana dawa iliyohisi rangi zote, nyekundu na kijani ziliweza kulingana kabisa katika picha. Kutoka juu, kanzu na kofia ya mwanamume hung'aa kama nukta nyeupe, ilhali buibui la mwanamke huungana na kivuli cha kichochoro. Msomaji asiyeijua kanuni hii anaweza kuandika kwamba mtaa ulikuwa wa wanaume watupu.

Hali kadhalika mapaa. Makuti hutoka kijivu kizito kisichoakisi mwanga. Bati jipya hutoka jeupe. Bati lenye kutu hurudi kwenye weusi. Kwa hiyo mtafiti anayelinganisha picha za miaka mbalimbali za kijiji kimoja anaweza kufuatilia kuenea kwa bati, mradi asilichanganye bati kuukuu na makuti.

Kivuli nacho kina saa yake. Jua likiwa nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, kivuli hulingana na urefu wa kitu, na ukuta uliobomoka ukabaki kimo cha goti huonekana wazi kutoka angani. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Picha ya wima iliyopigwa saa hiyo haina vivuli. Ukuta hubaki mstari, na mtu hubaki nukta.

4.0 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara

Manufaa ya picha ya juu yanaonekana dhahiri katika magofu. Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 ambalo Neville Chittick alilihusisha na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, humchanganya mgeni anayelizunguka kwa miguu. Kutoka juu, nyua zake na birika lake la pembe nane husomeka kwa mtazamo mmoja. Kuba za Msikiti Mkuu nazo hujipanga kwa safu, kila moja ikiwa na upande wa mwanga na upande wa giza. Aidha, magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mmomonyoko wa ufuko ukiwa miongoni mwa sababu. Picha za juu za miaka tofauti ni kipimo cha namna bahari inavyoila ardhi.

Hata hivyo, pana upotoshaji wa aina mbili. Kwanza, gofu halina paa. Kamera huingia moja kwa moja katika vyumba vya ndani ambavyo mgeni wa karne ya 15 asingevifikia. Nyumba ya mawe ya Kiswahili ilijengwa kwa hatua za stara: baraza au daka kwa mpita njia, ua kwa mgeni, ndani kwa wenyewe. Picha ya juu huzionyesha hatua hizo zote kwa pamoja na kwa uzito sawa, kana kwamba ni visanduku vilivyopangwa. Utaratibu wa kuingia, ambao ndio maana ya nyumba, hufutika.

Pili, kamera hupendelea mawe. Katika picha ya Songo Mnara, sehemu ya katikati ya mji huonekana kuwa uwanja mtupu wenye makaburi na msikiti mdogo. Utafiti uliofanywa kuanzia mwaka 2009 chini ya Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, kwa vipimo vya ardhini na uchimbaji, ulionyesha kwamba uwanja huo haukuwa mtupu: palikuwa na nyumba za udongo na miti, shughuli za kila siku, na sarafu zilizoachwa karibu na makaburi. Waliojenga kwa udongo hawakuacha ukuta wa kutupa kivuli. Iwapo tutaamini picha pekee, tutaandika historia ya wenye mawe na kuiita historia ya mji.

5.0 Kilwa Kivinje na Lindi

Katika miji hai tatizo hubadilika sura. Kilwa Kivinje, iliyokuwa bandari kuu ya misafara katika karne ya 19, na Lindi, iliyo kwenye mlango wa mto Lukuledi, zina barabara za maduka, majengo ya utawala wa Kijerumani, na nyuma yake nyumba za udongo. Kutoka angani barabara pana za serikali hujitokeza kwa ukali, ilhali vichochoro hufunikwa na mapaa na minazi. Picha hiyo humfanya mpangaji wa mji aonekane mwerevu na mwenyeji aonekane hana mpango, ingawa kichochoro kina sheria zake za kupita na za kupiga hodi.

Kinyume chake ni picha za Karl Weule, aliyefika Lindi mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vibichi, kisha akaenda hadi uwanda wa Wamakonde. Kamera yake ilikaa kimo cha mtu. Picha ya namna hiyo hutupa uso bila mji. Picha ya juu hutupa mji bila uso. Hakuna kati yake inayojitosheleza.

6.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba kila picha ya juu isomwe kwa maswali matatu. Ilipigwa saa ngapi na kwa pembe gani, ili tujue kivuli kimeficha au kimefichua nini? Ni vitu gani ambavyo havina uwezo wa kuonekana humo: udongo, makuti yaliyooza, buibui kivulini? Na wenyeji wanauitaje mtaa huo, kwa kuwa jina la mtaa halionekani kutoka popote isipokuwa kinywani mwa mkazi? Swali la tatu ni la idara za Kiswahili hasa. Mtafiti anaweza kuibeba picha ya zamani hadi Kilwa Kivinje au Kilwa Kisiwani na kuwaomba wazee wataje majina ya vichochoro, visima na viwanja.

Leo droni zimeurahisisha mtazamo huu, na mtafiti yeyote anaweza kutazama ndani ya ua wa mtu ambaye hajampigia hodi. Stara ya nyumba zinazokaliwa inastahili heshima ileile ambayo wajenzi wa Songo Mnara waliipa kwa kuta zao. Ruhusa ya mwenye ua iombwe kabla ya kamera kupaa.