Kabla Hujaupandisha Mchoro Wako Mtandaoni

Swali hili limenijia mara ya tatu sasa. Safari hii limetoka kwa vijana wa kikundi kinachookota plastiki ufuoni. Wamejenga mashine ya kusaga plastiki kwa kufuata michoro waliyoipata bure kwenye intaneti, kisha wakaongeza jambo lao wenyewe. Plastiki ya bahari huja na chumvi na mchanga, na mchanga hula visu vya mashine. Basi wakachukua pipa la mafuta, wakalitoboa matundu, wakalitia mhimili na mpini, likawa la kuoshea plastiki kabla haijasagwa. Wanachotaka kujua ni hiki: waupandishe mchoro wa pipa mtandaoni kama wao walivyopewa ule wa mashine, au waufiche asije mwenye pesa akawapokonya?

Nimeona nijibu hapa, kwa sababu wenye swali hilo Pwani ni wengi.

Michoro waliyoitumia ina historia yake. Mwaka 2013 Mholanzi mmoja, Dave Hakkens, alianzisha kazi aliyoiita Precious Plastic, akiwa anamaliza masomo ya usanifu mjini Eindhoven. Alibuni mashine ndogo za karakana: ya kusaga, ya kukamua plastiki iliyoyeyuka kama tambi, ya kuisukuma ndani ya kalibu, na ya kuikandamiza kwa joto. Hakuzifungia. Alitoa michoro yote bure, pamoja na video zinazoonyesha pa kukata na pa kuchomelea, na akachagua vifaa ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvipata. Watu wa nchi mbalimbali walizijenga, wakaona kasoro, wakarekebisha, wakayarudisha marekebisho yao kwa wenzao. Kufikia 2020 kazi hiyo ilikuwa imefika toleo la nne.

Linganisha na jambo jingine lililopigiwa tarumbeta kubwa zaidi. Januari 2008 kampuni za IBM, Nokia, Sony na Pitney Bowes zilifungua hazina ya pamoja ya hataza, au patenti kama wengi tunavyoziita. Zilianza na hataza 31 za uvumbuzi unaosaidia mazingira, na kampuni nyingine zikaongeza zao baadaye. Yeyote aliruhusiwa kuutumia uvumbuzi huo bila malipo. Wachumi Bronwyn Hall na Christian Helmers walipouchunguza mpango huo hawakuona dalili kwamba uvumbuzi ule ulienea zaidi kwa sababu ya kufunguliwa. Mwaka 2016 mpango ukafungwa. Mimi sishangai. Hati ya hataza huandikwa na mawakili kwa ajili ya mawakili. Inakwambia kilichokatazwa, haikufundishi kuchomelea. Hakkens hakuruhusu tu, alifundisha.

Sasa tuje kwenye sheria, na hapa naomba tuende polepole, maana watu huchanganya mambo matatu kuwa moja.

Mchoro, picha, video na maandishi yanalindwa na hakimiliki. Huhitaji kusajili ndipo uipate. Ukishachora, ni yako, na hapa Kenya inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Leseni za Creative Commons zimesimama juu ya hakimiliki hiyo. Michoro ya Precious Plastic imetolewa kwa leseni ya aina inayosema: tumia, badilisha, hata uza, mradi umtaje aliyeanza, na ukiubadilisha mchoro na kuusambaza, uutoe kwa masharti hayo hayo. Kwa hiyo vijana wakiuhariri mchoro wenyewe wa mashine na kuusambaza, hawana ruhusa ya kuufunga. Pipa lao limesimama peke yake. Hilo wana hiari nalo.

Lakini hakimiliki inalinda mchoro, hailindi namna pipa linavyofanya kazi. Mtu akilitazama akaenda kujenga la kwake bila kunakili karatasi yako, leseni hiyo haimzuii. Namna kitu kinavyofanya kazi ni suala la hataza, ambayo lazima uiombe, uilipie, uithibitishe kuwa ni mpya, na ikikubaliwa inadumu miaka 20. Kwa maboresho madogo kuna cheti cha modeli ya matumizi, cha miaka 10, ambacho masharti yake ni mepesi kidogo. Vyote viwili huombwa katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, iliyoko Nairobi.

Na hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui: kuchapisha nako ni ulinzi. Hataza haitolewi kwa kitu kisicho kipya. Mchoro ukishakuwa hadharani na tarehe yake, mtu mwingine hawezi kuja baadaye akadai kwa haki kwamba yeye ndiye mvumbuzi. Wahindi walilithibitisha hili kwa manjano. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda, jambo ambalo bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Baraza la utafiti wa sayansi la India, CSIR, likapinga kwa kupeleka maandiko ya zamani, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Tazama lililowaokoa. Kila nyumba ya India ilijua habari ya manjano, lakini kilichohesabika mbele ya ofisi ile kilikuwa maandishi.

Hasara yake ni kwamba kuchapisha kunaweza kukufungia mlango wewe pia. Sheria ya Kenya inampa mvumbuzi miezi 12 tangu alipojitangazia mwenyewe uvumbuzi wake ili apeleke maombi. Ulaya haitoi nafasi hiyo kwa jumla; ukishaonyesha, umechelewa. Kwa hiyo anayefikiria kuuza nje aamue kabla ya kubofya. Kwa pipa la kuoshea plastiki rai yangu ni kulichapisha: vipimo, picha, tarehe, majina ya waliolitengeneza na leseni iandikwe waziwazi. Gharama ya hataza ingewamaliza kabla pipa halijawaingizia kitu, na fundi wa Kwale au Tanga atakayelirekebisha atawarudishia faida.

Jambo la tatu ni jina. Kazi inaweza kuwa wazi na jina likabaki na mwenyewe, kama alama ya biashara. Sisi tuna somo letu la kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno hilo huko kwao, kwa tahajia ya Kizungu, liwe alama yake. Lingesajiliwa, muuzaji wa kikoi kutoka huku angeweza kuzuiwa kuliita vazi lake kwa jina lake kwenye soko lile. Pingamizi likapelekwa, na kufikia 2008 kampuni ikayaacha maombi.

Yote hayo ni mepesi ukiyalinganisha na hili la mwisho, ambalo ndilo linalonikosesha raha. Utamaduni wa kugawana mtandaoni huchukulia kwamba anayepandisha ndiye mwenye mali. Pipa ni la vijana, sawa. Je, na ujuzi wa fundi wa jahazi? Mwaka 2018, Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walikamilisha Flipflopi, jahazi la mita tisa lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki ile iliyeyushwa ikafanywa mbao na mataruma, lakini kuichonga na kuiunganisha ikawa jahazi ni elimu ya mafundi wa Lamu, iliyopokewa kwa miaka ya kushika randa na tezo chini ya mzee. Elimu ya namna hiyo haikuwahi kuwa siri, wala haikuwahi kuwa ya kila mpita njia. Ilikuwa na adabu zake: unaomba, unahudumu, unafunzwa, unamtaja aliyekufunza. Mwenye simu akiirekodi kwa dakika kumi na kuipandisha bila idhini, hizo leseni zote nilizozitaja hazina la kusema, kwa sababu ametoa ruhusa isiyokuwa yake.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inasema idhini ya jamii itangulie, tena baada ya jamii kuelezwa. Inazipa pia serikali za kaunti kazi ya kukusanya na kusajili maarifa yaliyomo katika maeneo yao. Mwenye mzee fundi nyumbani, mwenye bibi anayesuka mikeka kwa mitindo ya kwao, aende akaulize ofisi ya utamaduni ya kaunti yake rejista hiyo imefika wapi, na ni jina la nani limeandikwa humo.